Ufunguo Aliouacha Védaste

Ukiuliza Katoyi, pale Goma, nyumba ya Paulin iko wapi watakuonyesha, lakini watacheka kwanza. "Ile papa anatumikaka bure?" watauliza, na kutumika kwao ni kufanya kazi. Mtaa ulikwisha kumpima na kumtia katika fungu lake: kichwa kizuri, faida hakuna. Asubuhi alitengeneza simu na kompyuta za watu katika kibanda cha mbao kando ya barabara ya mawe meusi. Alasiri, umeme ukiwapo na mega za intaneti hazijaisha kwenye simu, alifungua kompyuta yake mwenyewe na kushika kazi ambayo hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa.

Kazi yenyewe, ukiivua majina yake makubwa, ilikuwa hivi. Kuna watu waliotawanyika duniani, wengi hawajawahi kuonana uso kwa uso, wanaotengeneza programu za kompyuta na kuzigawa bure, kila mtu azitumie na kuzibadili apendavyo. Kila programu hufungwa katika kifurushi, na kila kifurushi kina mlezi, mtu mmoja anayekitunza kwa hiari yake. Vifurushi vyote vimekalia msingi mmoja. Sasa msingi ule ulikuwa umechakaa, na mradi ukaamua kuuacha na kuhamia mpya. Hapo alitakiwa mtu wa kupanga uhamisho: nani atangulie, nani afuate, maana kifurushi hiki kinaegemea kile, na ukihamisha cha juu kabla ya cha chini, vyote vinaanguka. Mtu huyo huwaandikia walezi, huwabembeleza, huwakumbusha, hugombana nao kidogo, kisha huwaomba radhi. Walipouliza nani yuko tayari, Paulin wa Katoyi alinyoosha mkono.

Mkewe Kanyere, Mnande wa Butembo kama yeye, hakumficha maoni yake. "Unahamisha mizigo ya watu ya Ulaya yote," alimwambia. "Ya kwetu iko hapa chini ya kitanda tangu volkano, hakuna mutu wa kuihamisha." Na kweli ilikuwapo, magunia mawili ya nguo na sufuria, yamefungwa kamba, yanangoja mbio zinazofuata. Goma nyumba nyingi zina gunia kama hilo, na wageni hudhani ni uchafu.

Aliyemwingiza Paulin katika kazi hii ni Védaste Nizeyimana, kijana wa Kalengera, kule Rutshuru. Walisoma pamoja chuoni Goma, wakala maharagwe ya sufuria moja, wakagombania taa moja. Watu waliwashangaa, Mnande na Mnyarwanda, katika miaka ambayo wengine walikuwa wanahesabiana makabila kabla ya kusalimiana. Wao walikuwa wanabishana kuhusu programu, na ubishi huo uliwatosha.

Nyiragongo ilipopasuka mwezi wa Mei mwaka 2021, na baada ya siku chache mji ukaambiwa uhame, walikwenda Sake kwa miguu, katika umati ambao mtu akiinama kufunga kiatu anakanyagwa. Védaste alibeba kompyuta kichwani, imefungwa katika kitenge cha mama yake. Walilala kwenye baraza la kanisa. Huko, ardhi ikitetemeka kila mara na watoto wakilia, Védaste alianza kukitengeneza kifurushi chake. Ilikuwa kamusi ndogo ya kusahihisha maandishi ya Kinyarwanda na ya Kiswahili cha kwao, ili kompyuta iache kuchora mistari myekundu chini ya kila neno lililotoka kinywani mwa mama yake. Mama huyo, Dancille, ndiye aliyekuwa shina la kamusi. Védaste alimpigia simu Kalengera kumuuliza majina ya maharagwe, ya magonjwa ya ng'ombe, ya mvua, na mama akamjibu kwa hasira kwamba watu wanaangamia na yeye anauliza maharagwe. Kisha alimtajia yote.

Palepale Sake, Védaste alitoa mfukoni flash ndogo na kumpa rafiki yake. Ndani mlikuwa na ufunguo wake wa saini, ile faili ya siri ambayo mlezi hutilia saini kazi yake ili dunia ijue ni yeye. Sheria ya kwanza ya mradi ni kwamba ufunguo huo haupewi mtu, si ndugu, si mke. Paulin alimrudishia.

"Hii haipashwe kupewa mutu."

"Ya nyumba nakuachiaka," Védaste akacheka. "Hii ni nini zaidi? Mulima ikinimeza, nani ataendelesha? Neno ya siri ni Gaju, ile ng'ombe ya mama."

Hapo ndipo kosa lilipozaliwa, na aliyekulia mbali na vita hawezi kulielewa. Kwetu mtu akikimbia hufunga nyumba na kumwachia ufunguo yule anayemwamini, aliyebaki au anayekwenda mahali penye usalama zaidi. Kupewa ufunguo ni heshima, ni kama kupewa mtoto umshike. Wale waliotunga sheria ya mradi waliiona hatari ya mwizi. Hatari ya mtu kutorudi hawakuiweka mbele. Paulin aliirudisha flash, lakini jina la ng'ombe likabaki kichwani.

Baada ya volkano Védaste alirudi kwao Kalengera, akaoa Dative, akapata mtoto. Kule kulikuwa na umeme wa mto, mzuri kuliko wa mjini, akafanya kazi yake kwa raha. Kisha waasi wakaja. Mwaka 2022, mwezi wa Oktoba, mapigano yaliposhuka barabara ya Rutshuru, alifunga nyumba kwa kufuli, akampandisha mama, mke na mtoto juu ya pikipiki moja iliyokuwa imebeba tayari magodoro ya mtu mwingine. Yeye angefuata kwa miguu. Dative aligeuka mara moja akamwona amesimama kando ya barabara, anajifunga kamba za viatu. Hakuna aliyemwona tena.

Wanawake wale walitua Kanyaruchinya, katika kambi iliyofurika mpaka juu ya mawe ya volkano, chini ya turubai. Dancille aliposhuka Katoyi kumtafuta Paulin, alifungua ncha ya kitenge chake akatoa utepe uliofungwa vitu viwili: ufunguo wa kufuli ya Kalengera, na flash.

"Alisema niletee Paulin. Kambini kuko wezi. Wewe utachunga, mutoto yangu."

Paulin aliutundika utepe ule kwenye msumari juu ya kitanda. Mara hii hakukuwa na wa kumrudishia.

Uhamisho wa vifurushi ulianza mwaka 2023. Wiki kwa wiki walezi walijibu, wa Brazili, wa Uhindi, wa Poland, na ramani ya Paulin ikageuka kutoka nyekundu kuwa kijani. Kifurushi cha Védaste kilibaki chekundu. Desturi ya mradi ilikuwa ya upole: mlezi asipojibu huandikiwa mara tatu, na baada ya hapo kifurushi huandikwa yatima. Yatima asiyechukuliwa na mtu hadi siku ya kufunga huachwa nyuma. Aliyetakiwa kuandika barua hizo ni Paulin mwenyewe. Aliandika: "Mpendwa Védaste, tunakukumbusha." Alituma, akajua barua inakwenda mahali ambapo hakuna mtu, akaituma tena alipotakiwa.

Grégoire, mzee mmoja mwema wa Montréal aliyesimamia mradi mzima, alimwandikia kwa adabu zake zote. Rafiki yetu hajibu, alisema. Mwandike yatima, kisha ukitaka ukichukue wewe.

Lilikuwa shauri zuri, na Paulin angelifuata kama lingemhusu mtu mwingine yeyote. Lakini ili akichukue kifurushi ilibidi kwanza aandike kwa mkono wake kwamba mlezi hayupo. Mwili haujaonekana. Matanga hayajakaliwa. Dancille alikuwa bado anamwekea mwanawe chakula kando kila jioni, kisha anampa mtoto. Nani alikuwa yeye, Paulin, hata amtangulie mama mzazi kutangaza msiba, tena kwa wazungu?

Alitoa utepe msumarini. Alichomeka flash, akaandika Gaju, na ufunguo ukafunguka. Kazi yenyewe haikuwa ngumu. Alikihamisha kifurushi, akakipima, akatia saini ya Védaste na kukituma. Ramani ikawa kijani. Grégoire akaandika mbele ya wote: karibu tena, Védaste, tulikuwa na wasiwasi. Na Paulin, kwa jina la Védaste, akajibu: asanteni, nilikuwa na shida za nyumbani.

Alifurahi. Hilo lazima lisemwe. Alikula vizuri jioni ile, Kanyere akamuuliza kama kuna mtu amemlipa hatimaye. Kwa siku chache kulikuwa na mahali duniani ambapo Védaste alikuwa hai, anafanya kazi, anashukuriwa, na Paulin alipita hapo mara kwa mara kumsoma.

Dative alifika kibandani asubuhi moja, mtoto mgongoni, anatweta, na anacheka. Paulin hakuwahi kumwona akicheka tangu afike kambini.

"Papa Micheline!" alimwita kwa jina la binti yake. "Védaste anaishi!"

Paulin alikuwa ameshika chuma cha kuchomelea. Alikiweka chini.

"Lucie, ile infirmière anatunzaka wagonjwa kwenye dispensere ya kambi, ameona jina yake kwenye ordinatere, ile kompyuta yao ya umeme wa jua," Dative akasema. "Védaste aliwawekeaka ile kamusi zamani kule Kalengera, kabla wakimbie nayo huku. Sasa kamusi mupya imeingia, ikaandika: imetayarishwa na Védaste Nizeyimana. Na tarehe iko pale! Ni ya wiki hii!"

Ilikuwa kweli. Kifurushi kipya kikiingia, kompyuta huonyesha aliyekitayarisha na siku aliyotia saini. Paulin alilijua jambo hilo kuliko mtu yeyote Goma, na hakulikumbuka.

"Nimekuja umuandikie," Dative akaendelea. "Nyinyi munaandikianaka kwa ile kazi. Muambie mama iko njiani, amungojee."

"Mama iko njiani ya wapi?"

"Kalengera. Ametoka jana. Alisema, kama angekuwa Goma angekuja kutuona, na kambini umeme hakuna, basi iko nyumbani. Kule umeme iko." Alimpandisha mtoto mgongoni. "Nilimuambia apite kwako atwae funguo. Akanichekelea. Funguo ya nini, mwana yangu iko ndani, atanifungulia."

Paulin alimwomba akae kwenye kigoda. Hakutaka. Basi alimwambia akiwa amesimama.

"Haikuwa Védaste. Ni mimi."

"Jina ni yake."

"Jina ni yake, lakini nilitumia funguo yake. Ile ya flash. Sikutaka wamufute."

Dative alimtazama, anajaribu kuelewa ni kitu gani ambacho mtu angeweza kufuta. Alipoelewa hakupiga kelele. Paulin aliomba moyoni apige kelele, na hakupiga.

"Ulivaa jina yake," alisema.

"Ndiyo."

"Mama alikuwa amekubali, mwisho, kwamba harudi. Dimanche, kiisha misa, tulipashwa kukaa matanga. Padri alikuwa amekubali kuja. Juzi Lucie akatuletea ile habari, mama akasimama akafagia hema yote."

Paulin alifunga kibanda na kazi za watu ndani yake. Walipanda pamoja mpaka Kanyaruchinya, wakaendelea na barabara ya kaskazini mpaka kizuizi cha askari, na askari wakawarudisha. Waliwauliza waendesha pikipiki. Mmoja alikuwa amembeba bibi kizee mwenye fimbo hadi Kibumba, bibi mwenye maneno mengi, aliyemsimulia njia nzima kwamba mwanawe ni fundi wa kompyuta na anamngoja. Kutoka hapo aliendelea kwa miguu. Simu ya Munyakazi, jirani yao wa Kalengera, haikupatikana siku ile wala siku zilizofuata. Paulin alirudi kwenye kizuizi kile mara nyingi, mpaka askari wakamzoea na kumwita mwalimu. Kisha vita vikawaka upya na barabara ikafungwa kabisa.

Aliwaandikia watu wa mradi ukweli wote. Hakujitetea. Aliandika kwamba mlezi wa kifurushi hiki hayupo tangu Oktoba ya mwaka uliopita, kwamba saini ya mwisho ni ya uongo, na kwamba aliyeitia ni yeye. Walikutana kwa maandishi wakajadili. Walimjibu bila tusi hata moja. Mamilioni ya watu, walieleza, hufungua kompyuta zao wakiamini kwamba jina lililoandikwa ni la aliyefanya kazi. Imani hiyo ikivunjika mara moja, haina maana tena. Paulin alisoma akiona kila neno ni sahihi. Dancille aliiamini saini ile kuliko hao mamilioni wote.

Walimvua kazi ya kuratibu. Waliubatilisha ufunguo wa Védaste na kukirudisha kifurushi chake kilivyokuwa. Kikaandikwa yatima. Mtu mwingine alitakiwa akichukue, lakini nani huko Brazili au Poland angejua majina ya maharagwe ya Rutshuru? Siku ya kufunga ilipofika, uhamisho ulitangazwa umekamilika, watu wakapongezana, na kifurushi kile kikaachwa kwenye msingi wa zamani. Kompyuta ya dispensere iliposasishwa, maneno ya Dancille yakapata tena mistari yao myekundu. Lucie alimuuliza Paulin kama inaweza kutengenezwa. Alijibu kwamba haiwezekani. Ingewezekana, lakini mikono ilikuwa imekataa.

Alichukia kompyuta yake. Aliitazama iko mezani kama mtu anavyomtazama mbwa aliyemng'ata mtoto wake, akijua aliyemfungulia mbwa ni yeye.

Januari ya 2025 vita viliingia mjini kwenyewe. Siku za risasi walilala sakafuni, Paulin, Kanyere na binti yao Micheline, kati ya yale magunia mawili, na hakuna aliyeyabeba, kwa sababu hapakuwa tena na upande wa kukimbilia. Mambo yalipotulia watu walizika waliozikika. Kisha kambi za Kanyaruchinya zikaambiwa zivunjwe, kila mtu arudi alikotoka. Turubai zilishushwa, na mahali palipokuwa mji wa watu pakabaki mawe.

Dative alikuja Katoyi akiwa na mtoto, ambaye sasa anatembea mwenyewe, na sufuria kichwani.

"Nimekuja kutwaa funguo, Papa Micheline."

Paulin alipanda kitandani akautoa utepe msumarini. Alitaka kumfungulia ile flash aitoe, lakini Dative alichukua utepe wote ulivyo, akautia katika ncha ya kitenge palepale Dancille alipokuwa akiuweka, akafunga fundo.

"Nikifika nitakupigia," alisema. Kanyere alimfungia viazi vitamu vya njiani.

Alipiga kweli. Paulin alikuwa kibandani, na simu ya mteja iko wazi mbele yake.

"Nimefika," Dative akasema. "Nyumba iko. Kufuli iko vile tuliiacha, imefunga tu."

Paulin aliifunika simu ya mteja kwa kitambaa.

"Munyakazi iko hapa. Anasema mama alifika, Papa Micheline. Alikaa hapa kwenye mulango, anagonga. Watu wakamuambia mama, ndani hakuna mutu, si unaona kufuli? Akawaambia: mumunyamazie, iko anatumika. Amalize kwanza, atanifungulia."

"Halafu?"

"Halafu mabomu ikaanza, watu wakakimbia. Wakamuvuta, akakatala. Akasema mwana yake akifungua atamukosa." Sauti ya Dative ilipotea, ikarudi. "Waliporudi walimukuta palepale mulangoni, wakamuzika nyuma ya jikoni. Niko hapo sasa."

Kisha akasema simu yake inaisha moto, chaji imebaki kidogo, na akakata.

Paulin alifunga kibanda, akapanda kwenda nyumbani. Kanyere alikuwa anamenya ndizi mlangoni, akamuuliza kama Dative amefika. Paulin alikaa chini kando yake juu ya jiwe.

"Mama Dancille alikufa," alisema. "Na Védaste alikufa."

Hilo la pili alikuwa amewaandikia watu wa mbali, katika lugha yao. Kinywani mwake halikuwa limewahi kupita, na alipolisema hakupata nafuu yoyote. Kanyere aliweka kisu chini, akavua kitambaa cha kichwani, akaketi naye pale mlangoni, wawili peke yao, wakaanza matanga.